Mke wangu alikataza tusichimbe chini ya nyumba, jirani akachimba

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika kutoka Kolwezi, Congo, huku kwenye shaba na cobalt. Kiswahili changu kikipinda mnivumilie, lakini habari yenyewe imenipata mimi, sijatia chumvi.

Mimi ni fundi pikipiki. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, sisi tumezaliwa hapa hapa.

Kwa wasiojua: mtaani kwetu madini yako chini ya nyumba. Mtu anavunja sementi ya sebule, anachimba, anafunga turubai mlangoni, maisha yanaendelea. Mgeni akija anakalishwa pembeni ya shimo. Msicheke, ndivyo tulivyo.

Na mimi nilitaka. Jirani yetu Ilunga alipoanza kutoa magunia, nilinunua sururu.

Mke wangu akakataa. Siku tulipopata kiwanja chetu tulipiga magoti, tukamwambia Mungu ni chake, pawe mahali pa maombi. Kila Jumatano akina mama walisali sebuleni kwetu.

Aliniambia, "Tata Béa, hii parcelle tulimupatiaka Mungu. Tukichimba, tutamuambia nini?"

Tata kwetu ni baba, na Béa ni binti yetu, ana miaka tisa.

Nilinuna wiki nzima, halafu nikatii. Sio kwa imani wakuu, nilishindwa tu kubishana naye.

Ilunga alishuka chini, kisha akageuka pembeni kufuata mawe ya madini. Kule chini hakuna uzio.

Mchana mmoja nikaitwa kutoka gereji. Chumba chetu cha kulala kilikuwa kimezama. Mke wangu alikuwa ndani, anapiga pasi sare ya Béa. Walipomtoa hakuwa hai.

Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi. Aliyechimba ni mzima, aliyekataa kuchimba ndiye tunayemzika.

Kwenye kilio vijana wa mtaa walitaka kuichoma nyumba ya Ilunga. Akaja mwenyewe, bila viatu, akakaa chini mbele yangu.

"Yaya, mi njo nilimuua mama," akasema, yaya kwa maana ya kaka mkubwa. "Nilifuata mawe tu, sikujua kama tulishafika chini ya chumba yenu."

Nilitamani wale vijana wamshughulikie. Lakini nilijua marehemu angesema nini, nikaagiza aletewe kiti. Moyo haukusamehe siku ile, mdomo tu ndio ulitii.

Baada ya mazishi nikaenda kuangalia shimo. Wakuu, mawe meusi ya cobalt yalikuwa wazi kabisa, pale pale kitanda kilipokuwa.

Wachimbaji wakanifuata. "Tata, Mungu amekufungulia. Chimba, usomeshe mutoto."

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Ada ya shule ni kweli. Nyumba haikaliki tena, nayo ni kweli. Na aliyekuwa akinizuia hayupo tena.

Siku ya nne nikaazima toroli nikaanza kulifukia lile shimo. Ahadi ilikuwa yetu sote wawili, na mmoja alikuwa ameitimiza mpaka mwisho.

Kesho yake Ilunga akaja na koleo. Tukafukia pamoja. Wapita njia walisema uchungu umenipanda kichwani, na sikuwabishia.

Nilichojifunza ni hiki: kumtii Mungu sio bima. Mimi nilidhani ni bima. Unatii kwa sababu ulimpa neno lako, basi, halafu maisha yanaweza kukupiga vilevile. Simwelewi Mungu siku hizi, ila sijamwacha.

Na tafadhali, wa kuniandikia kwamba ulikuwa mpango wake, pita tu. Hiyo nimeambiwa na kila aliyekuja kula msibani.

Jumapili iliyopita tukienda kanisani Béa aliniuliza kama Mungu anajua kwamba mama alimtii. Nikamjibu anajua.

Akatembea kidogo, akauliza sababu, "Sasa juu ya nini hakumuambia Tata Ilunga asichimbe?"

Nilimshika mkono tukaingia ndani, misa ilikuwa imeanza. Mwenye jibu la kumpa mtoto wa miaka tisa aliandike hapa chini. Nitasoma yote.