Shemeji na kona yangu ya bango jekundu

Jamani, nimesalitiwa. Tena nyumbani kwangu mwenyewe!

Pale kibanda cha gemu, Kibiti sokoni, jina la juu kabisa kwenye mbio za pikipiki lilikuwa langu. Ndiyo, mimi, mtu mzima na kitambi changu.

Siri ilikuwa kona ya mwisho. Wenzangu wote wanafunga breki. Mimi nikiliona bango jekundu naachia mafuta, nalala kushoto mapema, halafu navuta tena kabla kona haijaisha.

Niliyemwambia ni mke wangu tu. Nilimwonyesha jikoni, nimeikalia mbuzi ya nazi kama pikipiki. (Msicheke.)

Leo naingia kibandani, namkuta shemeji Seif, mdogo wa mke wangu, anacheza. Kufika bango jekundu, akaachia mafuta. Akalala kushoto. Hata bega akalishusha kama mimi juu ya mbuzi!

Rekodi yangu ikaondoka hapohapo.

"Seif, nani kakufundisha?"

"Dada, shemeji. Tena yeye juu ya ile mbuzi analala kona kuliko wewe!"

Kibanda kizima kicheko.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mwenzangu anakuna nazi, hana habari.

"Mama Zuhura, siri yangu umempa Seif?"

Hata hakugeuka.

"Baba Zuhura, Seif tumezaliwa tumbo moja. Wewe tumekutana ukubwani."

Wali wa nazi nimeula, ila kwa hasira.

Haya wenye ndoa, nyie siri zenu mnaziweka wapi?