Mtoto Aliyekuwa Ndani ya Simu ya Pascoe

Raelene Tuckwell alikuwa na saluni yake pale Burnie, kaskazini mwa Tasmania, na mjini walimjua kwa ulimi mkali na moyo mwepesi. Kilichomkausha moyo ni yaliyompata bintiye, Shelby. Alipokuwa bado mwanafunzi, Shelby alilaghaiwa mtandaoni na mwanamume mzima aliyejifanya kijana wa rika lake. Kesi ikafa kwa kukosa ushahidi. Shelby alipokua alihamia Perth, na nyumbani hakurudi hata Krismasi.

Ndipo Raelene akamzaa mtoto wa uongo mtandaoni. Alimwita Tilly, wa miaka kumi na mitatu, anayependa farasi na kuchukia hesabu. Picha aliyoiweka ilikuwa ya Raelene mwenyewe, ya utotoni. Wanaume walimjia Tilly kama nzi kwenye kidonda. Wengi waliposikia umri walitoweka, lakini Desmond Pascoe, fundi wa majokofu, alizidi kusogea.

"Rae, maneno haya yapeleke polisi," alisema Nerida, shoga yake wa miaka mingi.

"Polisi? Kwa Shelby waliniambia, 'Pole, mama.' Pole inamfunga nani?"

"Lakini wewe ndiye uliyeanza kumwandikia. Wakili wake atasema umemtega."

"Chambo nimeweka mimi. Mdomo kafungua mwenyewe."

Nerida aliguna, lakini siku ambayo "Tilly" alimwalika Pascoe ufukweni alikwenda naye, maana rafiki haachwi peke yake kwenye jambo kama hilo. Pascoe alikuja ufukweni asubuhi na mapema, mkononi ana mfuko wa chokoleti. Raelene akasimama mbele yake, huku Nerida akirusha picha mubashara.

"Unamtafuta Tilly? Ndiye mimi. Haya, nipe chokoleti zangu!"

Uso wa Pascoe uligeuka majivu. Alitimua mbio hadi mwisho wa gati, akachomoa simu kifuani, akaivurumisha baharini. Kisha akakaa chini kama mtu aliyemaliza kazi.

"Tupa tu!" Raelene alimcheka. "Maneno yako yote ninayo mimi!"

Mji mzima ulimshangilia. Wateja walimletea keki, na wengine wakamwomba awafundishe. Ikawa hivyo mpaka alipoingia saluni Inspekta Ailsa Crombie, mwanamke mpole wa sauti. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akaomba mlango ufungwe.

"Raelene, huyu bwana tulikuwa nyuma yake tangu majira ya baridi. Tulikuwa tunangoja hati ya upekuzi tuichukue ile simu."

"Si mmeshamkamata?"

"Tumemkamata kwa ajili ya Tilly. Tilly hayupo." Inspekta akavuta pumzi. "Kuna mwingine, na huyo yupo. Jina lake na mahali alipo vilikuwa ndani ya ile simu."

Raelene alishika ukingo wa beseni la kuoshea nywele. "Wapiga mbizi je?"

"Waliipata. Chumvi ilikuwa imeshaila."

"Basi mbaneni Pascoe aseme!"

"Amenyamaza. Sheria inampa haki ya kunyamaza."

Raelene akakaa kwenye kiti cha wateja.

Mahakamani Pascoe alipatikana na hatia. Hakimu alisema kosa ni kosa hata kama mtoto ni wa kubuni, lakini mwaliko haukutoka kwake, na tayari alikuwa ameshahukumiwa mbele ya dunia nzima kabla ya kesi. Adhabu ikapunguzwa. Nje ya mahakama watu walimpigia Raelene makofi, naye akapita katikati yao ameinamisha kichwa.

Jioni ile alimpigia Shelby akamweleza yote, bila kujitetea.

"Mama," Shelby alisema, "mimi wakati ule nilidhani hakuna anayejua. Na mtoto yule sasa hivi anadhani hivyo hivyo."

"Najua, mwanangu."

"Hapana, mama. Hujui."

Raelene alimfuta Tilly mtandaoni. Wakija wanaotaka kufundishwa, huwaambia, "Nendeni polisi. Wakilala, waamsheni. Lakini nendeni polisi." Wengine humwona mwoga, huondoka wakinong'ona. Kila mwezi humpigia Inspekta Crombie kuuliza, na kila mwezi hujibiwa kwa upole kwamba mtoto yule bado hajajulikana ni nani.