Msafisha masikio aliyeficha sikio lake

Saa nne asubuhi, katika mgahawa wa chai wa bustani moja ya Chengdu, China, Zhuo Liangcai anagonga uma wake wa chuma wenye meno mawili kwa kibano. Kliiing! Mlio unapita juu ya viti vya mianzi, vikombe vya chai na kete za mchezo wa mahjong zinazogongana. Kila mtu anajua msafisha masikio anapita.

Kila mtu, isipokuwa Zhuo mwenyewe. Kwa miaka kadhaa mlio huo aliujua kwa vidole tu.

"Nilikuwa nikihisi chuma kinatetemeka, nasema haya, kazi ipo," anasema mzee huyu wa miaka sitini na tatu, huku akizungusha manyoya ya bata ndani ya sikio la mteja aliyefumba macho kama mtoto anayenyonya.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Siku nzuri humpa yuan mia mbili. Siku ya mvua humpa chai tu. Masikio yalipoanza kumwacha, hakumwambia mtu.

"Nani atanikabidhi sikio lake wakati langu limelala?" anauliza. "Ningekosa hata wa kumtekenya."

Akabuni mbinu. Mteja akisema lolote, Zhuo aliitikia kwa kichwa na kujibu, "Kweli kabisa." Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku mwalimu mstaafu Ouyang alipolia, "Unaniumiza, bwana!"

"Kweli kabisa," akajibu Zhuo, akaendelea.

Mkewe, Xiang Suqin, akamkokota hospitali. Mtaalamu alifunika mdomo kwa karatasi, akamsomea maneno. Kupanda na kushuka kwa sauti, ambako Kichina hakiendi bila huko, Zhuo alikushika barabara. Zilizompotea ni sauti nyembamba, zile za s na sh, hasa penye kelele.

"Akanishauri nikae mbali na kelele," anacheka. "Mimi! Mtu wa mgahawa wa chai!"

Alichagua kifaa cha kusikia kidogo kama haragwe, kinachozama chote tunduni, pamoja na uzi mwembamba wa kukivutia. Siku ya kwanza alipogonga uma wake, nusura arukie meza ya watu. "Kumbe miaka yote nilikuwa nawapigia kengele ya moto!"

Siri ingedumu, kama si desturi. Biashara ikipoa mchana, wasafisha masikio wa bustani hiyo husafishana bure, na kukataa ni kumwambia mwenzako mkono wake mzito. Zhuo alisingizia mafua. Lakini siku moja alishiba tambi za pilipili, akasinzia kitini. Mwenzake Fan Desheng akawasha taa yake ya kichwani, akaona amtendee wema.

"Jamani, njooni! Bwana Zhuo ana nta imekomaa hadi imekuwa jiwe!"

Wachezaji wakaacha kete, wakasogea. Fan akaingiza kibano, akavuta taratibu, akainua juu.

"Mnaona? Ina mkia!"

Akaifumbata kiganjani. Nta ikapiga mluzi.

"Iko hai!" akapiga yowe Bi. Shu, mwenye mgahawa, chai ikammwagikia miguuni.

Zhuo akafumbua macho, akaona midomo mingi inacheza, asishike neno. "Nikajua leo ndiyo nimekwisha," anakumbuka. Alikichukua kifaa, ambacho hupiga mluzi kikifumbatwa, akakirudisha mahali pake mbele ya wote.

"Hiki ndicho ninachosikilizia," akasema. "Mimi ni nusu kiziwi. Anayetaka kuhamia kwa Fan, aende."

Mwalimu Ouyang akakohoa.

"Niende kwa Fan? Anayeng'oa watu masikio?"

Kicheko kikalipuka. Ouyang akaketi kwenye kiti cha Zhuo, akainamisha kichwa. "Ila safari hii nikilia, mzee mwenzangu, unisikie."

"Nakusikia tangu hujaanza kulalamika."

Siku hizi wateja humjia wakidai masikio yamejaa, naye akichungulia anakuta ni safi kabisa. Hao hawatii kibano masikioni. Huwaambia ukweli: hapa hakuna nta, nenda ukapimwe usikivu. Alhamisi ijayo anapanda basi na watatu kati yao kwenda hospitali, na anatumaini kupata kifaa cha sikio lake la pili kabla ya mwaka mpya.

Fan anamwona mwendawazimu. "Unajifukuzia wateja, ndugu yangu!"

Zhuo anafuta kibano chake, anacheka.

"Waache waende. Wakirudi, angalau nitakuwa na watu wa kupiga nao soga."