Alichokisikia Mama Funga

Walipomuaga mwezi uliopita, mkuu wa kitivo alisimama na karatasi yake akasoma kwamba mwalimu huyu amefundisha miaka ishirini na mbili bila doa. Hotuba ile naijua. Ndiyo aliyomsomea mtunza stoo, na kabla yake mpishi wa mgahawa wa wafanyakazi. Hubadilisha jina na idadi ya miaka tu. Watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Mwenyewe aliyekuwa akiagwa alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta, nimekaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo, na najua haukuwa unyenyekevu. Kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nitasema bila kuulizwa.

Wanafunzi walimwita Mama Funga. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili kutengeneza tovuti, na hao ni watu wa umeme, mitambo na majengo. Wengi waliingia darasani wamenuna, wakiulizana tovuti na zege vinahusiana wapi. Sasa, ukurasa wa tovuti huandikwa kwa alama mbili mbili: moja inafungua, nyingine inafunga. Ukisahau kufunga, kichwa cha habari kinameza ukurasa mzima, maandishi yote yanakuwa makubwa kama bango la mkutano. Basi kutwa nzima utamsikia, "Umefungua? Funga!" Akikuta mlango wa korido wazi, "Funga!" Ukiacha chupa ya maji bila kifuniko karibu na mashine zangu, hapo tena ndiyo usiseme. Jina likamganda. Alipolijua alicheka mpaka akatoa miwani kufuta macho.

Kabla ya kufundisha alikuwa mhandisi wa umeme, miaka minane kwenye vituo vya kupozea umeme, mpaka mgongo ulipomgomea. Huko alijifunza kutoamini kitu ambacho hajakigusa. Walimu wengine hupokea kazi za wanafunzi kwenye seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi kazi za darasa, wakazisahihisha ofisini, chai pembeni. Yeye hapana. Alikuwa na kistuli chake cha mbao, anakibeba kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi, anakaa ubavuni mwake na kuitazama kazi kwenye mashine ileile iliyotengenezewa.

"Nataka kuona mikono," alikuwa akisema. "Mikono ya aliyenakili haijui pa kwenda."

Na kweli, aliyenakili alikuwa akitokwa jasho pale hata kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Mwalimu alikuwa na daftari lenye mistari: picha, menyu, kitufe, sauti. Inafanya kazi, haifanyi kazi. Wanafunzi thelathini kwa asubuhi moja. Mimi nilimsifia sana kwa hilo, na wageni walipokuja kukagua maabara nililitaja kana kwamba ni wazo langu.

Muhula mmoja alikuwepo binti wa umeme waliyemwita Kimya. Alikaa safu ya pili, karibu na nguzo. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza swali anakuandikia jibu. Hakuwa na laptopu yake, akatumia moja ya zile ambazo idara huwaazimisha wanafunzi, namba thelathini na moja, ile yenye bawaba iliyolegea. Kazi ya muhula ule ilikuwa kutengeneza ukurasa kuhusu mtu mmoja unayemjua, asiye maarufu, na ndani yake kuwe na maandishi, picha na sauti. Vijana wakaleta makocha wao na wapenzi wao. Kimya alimchagua mama yake, fundi cherehani. Kulikuwa na picha ya mama akiwa na pini mdomoni, picha ya mama amelala juu ya kitambaa, na chini kabisa kitufe. Sauti aliiweka mwisho, asubuhi ileile ya kusahihishiwa. Alijifungia kwenye chumba cha vifaa ili ajirekodi, na mimi nikagonga nikitaka waya wangu. Mungu anisamehe, niligonga mara mbili.

Mama Funga akakaa naye kwenye kistuli, akavaa spika za masikioni, akabonyeza, akaandika. Alama zote. Kimya akatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, kisha akaipeleka kazi kwenye seva ya darasa kama wenzake.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika likizo. Jumamosi kichwa kilimuuma Kimya. Jumatatu alikuwa hospitali, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Jumatano hakuwepo tena. Wenzake walikuja maabara kesho yake wakakaa tu, hakuna aliyewasha mashine, na Mama Funga akakaa nao bila kusema funga wala fungua.

Mjomba wake Kimya alikuja kukusanya vitu vya marehemu. Akanirudishia laptopu, waya wa chaji ameuzungusha vizuri na kuufunga kwa uzi wa cherehani. Tukasainiana. Kwenye maabara yangu kuna utaratibu: mashine ikirudi inafutwa siku hiyohiyo, ili anayefuata aikute safi. Utaratibu huo niliuandika mimi na kuubandika mwenyewe ukutani. Kabla ya chakula cha mchana thelathini na moja ilikuwa safi kama imetoka kwenye boksi.

Miezi mitatu ikapita. Tulikuwa tunapanga viti siku simu ya Mama Funga ilipoita, naye akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na vumbi.

"Mwalimu, mimi ni mama yake yule binti," sauti ikasema, na akalitaja jina lake. "Samahani kukusumbua. Mwanangu aliniambia kanitengenezea ukurasa, na humo ameongea na mimi. Nikamuuliza umesema nini, akakataa. Akasema, utasikia mwenyewe mama, nikija nitakuonyesha. Simu yake nimeipekua yote. Sauti yake haimo hata kidogo. Ni hiyo tu. Naomba nije niisikie."

"Njoo Alhamisi, mama," Mama Funga akajibu papo hapo. "Usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko kwenye seva."

Alipokata simu akanawa mikono, akaketi kwenye mashine yake, akaufungua ukurasa. Picha zikaja zote. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Tukalaumu spika, nikaleta nyingine. Tukalaumu waya. Kisha akaufungua msimbo wenyewe, zile alama zilizoandikwa nyuma ya ukurasa, akawa anashuka nao taratibu kwa kidole kwenye kioo, na kidole kikasimama.

Nitaeleza, maana si jambo gumu. Ukurasa wenyewe haubebi sauti ndani yake. Una mstari unaoiambia kompyuta ikaichukue wapi. Kwenye picha, Kimya alifanya sawasawa, aliziweka pamoja na ukurasa zikaenda nao kwenye seva. Kwenye sauti alikuwa na haraka. Aliuelekeza mstari kwenye folda ya laptopu aliyokuwa anaitumia. Kwa hiyo juu ya meza yake sauti ilitoka bila shida. Kwenye mashine nyingine yoyote duniani hakuna kitu. Ni kosa la wiki ya kwanza, kila anayeanza hulifanya. Mama Funga aliwaonya kila mwaka, "Usimwelekeze mgeni kwenye kabati la nyumbani kwako, hana ufunguo." Lakini ili ulione kosa hilo lazima uufungue ukurasa ukiwa mahali pengine. Na yeye alikuwa amekaa pale pale, kwenye kistuli.

"Ningeufungua hapa hata mara moja," akasema. "Mara moja tu, fundi." Kisha akanigeukia. "Thelathini na moja iko wapi?"

Nilikwenda kuchukua daftari la kumbukumbu ingawa nilijua kilichoandikwa. Nilitaka tu kuwa mbali na uso wake kwa dakika moja.

Laptopu ilikuwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naye alikuwa ameijaza filamu na michezo mpaka imejaa pomoni. Nikaichukua. Kuna programu za kufufua vilivyofutwa, na nikazijaribu zote nilizozijua, siku tatu mfululizo, sikutengeneza printa ya mtu wala kujibu barua. Nilipata nusu ya karatasi ya mtihani. Nilipata picha ya viatu. Siku ya tatu nikapata kipande cha sauti, nikakicheza, na ikatoka sauti ya mwanadamu. Mama Funga alikuwa chumba cha pili. Nikasikia kiti kinaanguka. Alipofika mlangoni mtangazaji wa mpira alikuwa anapiga kelele za goli. Akasimama anasikiliza mpaka kilipoisha, asije akawa amekosea, kisha akarudi kukiinua kiti chake.

"Dada," nikamwambia, "mpigie tumwambie seva imeharibika. Atasikitika, lakini atakuwa hana wa kumlaumu."

"Seva haijakosa kitu."

"Unafikiri ukweli utamsaidia nini?"

"Sijui, fundi. Lakini siwezi kumwambia uongo juu ya mtoto wake."

Nilimkasirikia. Nilimwona ana kiburi cha watu wa mahesabu, wanaotaka kila kitu kijumlishwe sawasawa hata kama kinamuua mtu. Leo nakiri kwamba nilikuwa najitetea mwenyewe.

Alhamisi saa tatu asubuhi mama akafika. Mwanamke mwembamba, gauni limemkaa vizuri kama lilivyopaswa kumkaa fundi, viatu vya kutokea. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ndogo kama ya binti yake, au kama ninavyodhani ingekuwa. Akatoa kwenye mkoba spika za masikioni, mpya, bado zimo kwenye pakiti yake.

"Nilinunua," akasema, akiona haya. "Nilifikiri labda kutakuwa na wanafunzi. Nilitaka nimsikie peke yangu."

Hapo nilitamani sakafu inimeze. Mama Funga akamvutia kiti, akakaa naye, akamfungulia ukurasa. Mama akazitazama picha moja moja, akagusa ile ya pini mdomoni. "Hii sikujua kama amenipiga," akasema. Akasoma maandishi yote, midomo ikicheza. Alipofika chini akaona kitufe, na kabla hatujasema lolote akakibonyeza. Akasubiri. Akatutazama, akakibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayedhani kosa ni la kidole chake.

Mama Funga akamwambia. Hakupindisha maneno wala hakujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Akasema mtoto alifanya kosa dogo ambalo kila mwanafunzi hulifanya, na aliyelipwa kuliona kosa hilo ni yeye, na hakuliona. Nami nikasema, "Na aliyeifuta mashine ni mimi, mama." Nilitaka atutukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili. Mama akakunja pakiti ya zile spika mapajani mwake.

Kisha akainua uso, na ukawa na nuru kidogo, na nuru ile ndiyo iliyonimaliza.

"Lakini wewe mwalimu ulimsikia," akasema. "Ulikaa naye. Basi niambie wewe. Alisema nini?"

Mama Funga akafungua mdomo. Nikaona anatafuta. Akalivuta daftari lake la muhula ule, akalifungua, ingawa sote wawili tulijua mle mna nini. Sauti: inafanya kazi. Sekunde arobaini na moja.

"Nilibonyeza mara tatu," akasema polepole. "Nilimsikia mara tatu, mama. Nilikuwa naangalia kama kinaanza, kama kinasimama, kama kinarudi mwanzo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nasikiliza kitufe."

Nje mtu alipita korido anaburuta meza.

"Hukumbuki hata neno?" mama akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeomba maji.

"Alianza na 'Mama'. Hilo nalikumbuka. Akanyamaza kidogo. Halafu akaongea, akaongea haraka, na katikati akacheka."

"Akacheka?"

"Alicheka."

"Kicheko kirefu au kifupi?"

Mama Funga akafumba macho. Sijawahi kumwona mtu akitafuta kitu kwa nguvu kiasi kile. "Kifupi," akasema. "Alijikatiza. Kama aliyeona aibu kwamba kuna mtu mlangoni anamsikia."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Sikusema.

"Ndivyo anavyocheka," mama akasema, akatikisa kichwa akikubali. "Ndivyo anavyocheka mwanangu." Akavuta kiti karibu zaidi, magoti yake yakagusana na ya mwalimu, akamshika mikono yote miwili. "Nielezee tena. Anza pale alipoita."

Na Mama Funga akaanza tena.