Kamba za Mke Mwenzangu

Majina ya waliotuletea samli ninayo yote mpaka leo, ila sitayataja, wengi wametangulia. Mume wetu aliipokea kwa majirani, akaipeleka kuuza Tinde kwa baiskeli. Akirudi ndipo kila mmoja anapata chake. Kukumbuka nani kaleta vibuyu vingapi ilikuwa kazi yangu, mke mkubwa. Sikusoma. Nilichora kwa mkaa ukutani mwa nyumba yangu: wa mlimani juu, wa mbugani chini, wa karibu kando ya mlango. Mtu akija, namwonyesha, "Wewe uko hapa." Nilijiona kweli.

Mke mdogo alikuwa na kamba za katani kwa ajili ya maziwa aliyokopesha majirani. Kila mji, yaani kila kaya, kamba yake, kila kibuyu fundo. Nilikuwa nikizicheka.

Ikaja amri ya serikali ya kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zibomolewe.

"Mama mkubwa, ukuta wako utaubeba kichwani?" mume akanitania.

"Nitachora upya kule kule."

"Dada," mdogo akasema, kwa adabu ambayo iliniudhi zaidi, "kule tutapangwa mstari mmoja barabarani. Huo mlima utauweka wapi?"

Mume alicheka mpaka akashika tumbo. Akaamua: vya ukutani vihamie kwenye kamba.

Mdogo alitaka mimi nitaje, yeye afunge, tumalize mara moja. Nikakataa. Nikasema kila mtu aje, aone alama zake, afungiwe fundo mbele ya macho yake, ndipo nifute. Vinginevyo kijijini watatugombeza. Hapo mume alinisikiliza mimi, nikamtazama mdogo kwa jicho la pembeni.

Basi wakaja. Mdogo akamwambia kila mmoja achague kitu cha kuijua kamba yake. Huyu kifungo cha shati, yule unyoya wa kuku, bibi mmoja kipande cha kanga yake kuukuu.

"Mayu, mama yangu, usije ukanichanganya na huyu mwenye kuku!" bibi akasema.

"Wewe nitakujua kwa maneno yako mengi," mdogo akamjibu, wakacheka kama watu waliokua pamoja. Mimi nilisimama nyuma yao na kitambaa cha maji, nafuta. Ukuta ulipokuwa mtupu, hakuna aliyegeuka kuutazama.

Kijijini nilisubiri akosee. Sioni haya kusema, niliomba akosee hata kamba moja. Hakukosea. Na nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kwenye mstari, kwa hiyo wote na vibuyu vyao walipita kwangu.

"Mwangaluka, mayu!" Wakanisalimu, wakapita kwenda kwa mdogo.

"Mwangaluka."

Nikawa nikisikia tu mwenye kibuyu akiingia barabarani, naweka mtama kwenye kinu na kutwanga kwa nguvu, nisisikie hodi ikipigwa mlango wa pili.