Kipa Mwenye Pembe

Ijumaa ile nilishinda mjadala kwa kumcheka mjomba wangu.

Hoja ilikuwa kwamba ligi za kulipwa zinapaswa kuwatunza wachezaji wao wa zamani walio na shida. Mwalimu alinipanga upande wa kupinga kwa sababu, alivyosema, upande wa kuunga mkono ulikuwa tayari umejaa watu wenye akili. Nikasimama mbele ya Kidato cha Tatu kizima, nikafunga kifungo cha juu kama mheshimiwa, nikaanza.

"Bwana Mwenyekiti, kwetu tunaye mmoja. Alikuwa kipa wa timu kubwa Nairobi. Zamani alizuia mipira, leo yuko hapa Kanyangi kwenye kioski cha maji anazuia wamama wasiruke foleni. Kazi ni ile ile. Ni jezi tu imebadilika."

Darasa likaangua kicheko. Nikawaigizia anavyoinuka kitini, hatua kwa hatua, na goti linavyolia kama mlango wa ghala. Nikauliza, kama ligi itatunza kila goti, basi nani atamtunza punda aliyetubebea maji miaka kumi, na yeye hata jezi hakupewa. Waliounga mkono walikuwa na hoja zao kwenye karatasi. Mimi sikuwa na karatasi. Nilishinda kwa makofi, nikapewa biki mbili za bluu.

Ambacho darasa halikujua ni jinsi kwetu kulivyo. Tuko wawili. Mama anafanya kazi Mombasa, hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Susu, nyanya yangu, tulimzika nyuma ya ghala mwaka nilioingia Kidato cha Kwanza, na tangu hapo nyumba ina vikombe vingi kuliko midomo. Mjomba si mtu wa maneno. Anaweza kula, akaosha sahani, akafungia kuku, na neno pekee alilosema tangu jioni ianze ni "chumvi". Sasa, katika nyumba ya watu wawili ambamo mmoja hasemi, huyo mwingine inabidi aongee sehemu ya wote. Ndivyo nilivyojifunza utani. Watu hudhani nilizaliwa nao.

Nilimkuta mlangoni kwenye kigoda, mguu mbaya ameulaza juu ya jerikeni, anachambua ndengu. Nikamwonyesha zile biki.

"Mlikuwa mnabishania nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulisema wasaidiwe?"

"Nilipangwa upinzani, anko."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mzaha ulikuwa bado moto mdomoni, nami huwa siwezi kuuacha upoe. Nikamwambia wote, pamoja na kioski, pamoja na punda. Hata ile ya kuinuka kitini nikaigiza. Alicheka kwa punda, alicheka kweli. Kisha akarudi kwa ndengu zake, akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Na wale wengine walisema nini?"

"Sikuwasikiliza sana."

"Ungewasikiliza."

Akainuka. Goti likalia vile vile nilivyokuwa nimeliigiza, na sikuwa na pa kuangalia. Akaingia ndani, akarudi na bahasha.

Ilikuwa fomu. Chama cha wachezaji wa zamani kilitangaza redioni kwamba waliocheza ligi na wanaumwa wajiandikishe, watasaidiwa matibabu. Jirani mmoja aliyekwenda Nairobi alimletea fomu, nayo ikalala chini ya godoro kuanzia kabla ya mavuno. Mjomba alikuwa amejaza jina, timu na miaka. Kuanzia pale palipoandikwa "Eleza shida yako" kwenda chini, karatasi ilikuwa nyeupe.

"Wewe una mwandiko," akasema. "Andika goti."

"Goti tu?"

"Goti tu."

"Anko, hapa wameacha mistari minane."

"Andika kwa herufi kubwa."

Sikucheka, maana mambo ya lile goti nilikuwa nayajua. Daktari alishamwambia linahitaji kupasuliwa, na kwamba likizidi kucheleweshwa hatafika tena kwenye kioski kwa miguu yake. Na kioski ndicho kinachotulisha sisi wawili.

Fomu ilitaka vitu viwili zaidi: picha inayomwonyesha akicheza, na shahidi mmoja wa siku zile. Vitu vyake vyote vya mpira vilibaki ndani ya sanduku Nairobi, siku mwenye nyumba ya kupanga alipobadilisha kufuli. Kilichobaki ni kipande kimoja cha gazeti, ambacho susu alikiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Nacho ni picha ya bao alilofungwa. Mfungaji anaonekana mgongo, mikono juu, anakimbia kushangilia. Nyuma yake kipa amelala matopeni, mkono ameunyoosha, uso ameuelekeza kwa kamera. Mjomba alizuia mipira mingi kuliko nywele za kichwa changu, na hakuna hata siku moja mtu wa kamera aliyeona haja ya kuipiga picha.

Tukafungua kitabu. Kipa alikuwa na pembe.

Alikuwa pia na miwani, na ndevu za beberu, zote kwa biki ya bluu, na chini kwa mwandiko wa kitoto: MBUZI AMELALA.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa Darasa la Nne. Ilikuwa siku ya mvua, susu yuko jikoni na isyo yake, ile ya mahindi na maharagwe, nami niko sakafuni nacheka peke yangu mpaka tumbo linauma. Hakuna aliyenichapa, kwa hiyo nikadhani hakuna aliyeona.

"Uliona lini?" nikamuuliza.

"Siku hiyo hiyo."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa zingefutika?"

Nikajaribu raba. Nikajaribu mate, nikajaribu kipande cha mkate, maana mtu mmoja shuleni hufuta nacho ripoti zake. Pembe zilikaa pale pale. Kilichoanza kwisha ni paji la uso. Mjomba akanipokonya ile karatasi taratibu.

"Wacha. Utanitoa na kichwa."

Ikabaki shahidi. Wale wa timu yake, mmoja alikufa, mmoja alienda ng'ambo akanyamaza, na namba nyingine zote alizokuwa nazo ukipiga unaambiwa mteja hapatikani. Alikaa na simu mkononi kama mtu aliyeshika sahani tupu. Mwishowe akaweka kidole kwenye mgongo wa yule mfungaji.

"Kuna huyu. Yuko Kalamba, ni fundi wa viatu."

"Umejuaje?"

"Mtu aliyekufunga lazima ujue yuko wapi."

Kalamba iko Makueni, lakini kutoka kwetu ni kuvuka tu mto Athi na kuendelea. Miaka yote hiyo alikuwa hajavuka.

Tulienda siku ya soko, shule ikiwa imefunga kwa likizo fupi. Mjomba alivaa lile koti alilomzikia susu. Yule fundi tulimkuta chini ya mabati yake, mtu mnene, miwani imefungwa kwa uzi, kiatu cha shule cha mtoto wa wenyewe kimebanwa magotini. Hatua mbili kando mke wake alikuwa akiuza nyanya. Mjomba akasalimu, hakusema yeye ni nani, akatoa picha tu.

Fundi akaitazama sana.

"Huyu wa pembe ni nani?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Sikutoa hata moja.

"Ni mimi," mjomba akasema.

"Na huyu wa mgongo?"

"Ni wewe."

Fundi akaisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali. "Jezi ni yetu. Lakini sitakudanganya, ndugu yangu. Hili bao silikumbuki. Na wewe sikukumbuki."

Mjomba akatafuta pa kukaa. Nikaona amelibeba lile bao miaka yote kama mtu aliyeokota mzigo njiani, akautunza usiharibike, akijua mwenyewe anautafuta. Kumbe mwenyewe hata hakujua umepotea.

Akakaa juu ya kreti ya soda. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamsikia akiongea maneno zaidi ya kumi kwa mpigo.

"Mvua ilikuwa imenyesha. Krosi ilitoka kulia. Ukaipokea kwa kifua. Nikajua utapiga kulia, kwa sababu ndio upande wako, nikaruka. Hukupiga. Uliuacha mpira udunde mara moja, na mimi tayari niko hewani. Halafu ukaupitisha kushoto polepole, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Nikaangukia hili goti."

Mke wa fundi alikuwa ameacha nyanya zake, amesimama.

"Rudia," akasema.

"Mama?"

"Rudia hapo pa kifua. Huyu mzee miaka yote ananiambia alicheza ligi. Mimi namwambia sawa baba, kula ugali unapoa. Sijawahi kusikia mtu wa nje akisema hivyo."

Mjomba akarudia. Mara ya pili mvua iliongezeka. Mara ya tatu, mwenye duka la mbolea alipokuja kusikiliza, kulikuwa na mabeki wawili walioachwa wamekaa chini, na mjomba akasema hakuna kipa nchi hii ambaye angeushika ule mpira. Fundi alikuwa amevua miwani, anafuta macho kwa kitambaa cha kupakia rangi ya viatu, na mke wake anamcheka kwa jinsi uso ulivyokuwa mweusi. Kila mtu pale alifurahi. Mimi nilikuwa nahesabu. Mara tatu bao lilisimuliwa, na mara zote tatu mjomba alibaki chini.

Fundi akatia sahihi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ili mke asisikie, kama fomu hiyo hata yeye anaweza kuipata. Mgongo ulikuwa unamuua, na siku nyingine alishonea viatu kitandani. Lakini hakuwa na picha yoyote. Ya kwanza kuiona ilikuwa hii yetu.

Tukaenda saiba, kile kiduka cha kompyuta pale sokoni, tukapiga nakala. Ile mashine haikuwa na huruma. Uso wa mjomba ulififia ukawa mweupe kama ukuta, ila pembe, miwani na ndevu zikatoka nyeusi tititi. Aliiangalia, akaikunja nakala akaitia mfukoni, na ile ya gazeti akampelekea mke wa fundi.

"Anko," nikamwambia, "ndiyo hiyo tu tuliyo nayo."

"Ni ya kwake. Mimi nilikuwa tu hapo."

Fomu niliijaza mimi. Kwenye mistari minane niliandika goti, kama nilivyoagizwa, kwa herufi kubwa. Kwenye ukingo wa nakala nikaongeza: "Pembe, miwani na ndevu ni zangu. Nilikuwa Darasa la Nne. Kichwa ni chake." Tukatuma.

Simu ambayo zamani ilishinda dukani ikichajiwa, sasa ilikaa kwenye mfuko wa shati lake pale kioskini. Wa kwanza kupiga alikuwa fundi. Alikuwa ametuma fomu yake na ile picha ya gazeti, akapata jibu. Gazeti, chini ya picha, liliandika jina lake, kwa hiyo hawakumuuliza mengi, na mgongo ungeangaliwa mwezi uliofuata.

"Vizuri sana, ndugu yangu," mjomba akasema. "Vizuri kabisa." Nilikuwa pale, nilitoka shule nikampelekea chai. Jerikeni ya mama mmoja ilikuwa imejaa ikamwagika mpaka maji yakafika barabarani, na mjomba alikuwa bado ameshika simu sikioni, na simu imeshakatika.

Barua yetu ilikuja baadaye. Ilikuwa na heshima kila mstari. Ilisema kwamba maelezo ya picha yanamtaja mfungaji, lakini huyo mwingine ameandikwa tu "kipa", na kwamba uso katika nakala hautambuliki. Na shahidi, kwa kuwa alikuwa timu nyingine, hatoshi peke yake. Alete ushahidi mwingine.

Mjomba aliisoma, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, pale picha ilipokuwa. Akaenda kufungia kuku.

Shuleni wakaniomba niwape tena ile ya goti. Nikainuka, nikafika nusu ya kuinuka, nikakaa. Wakadhani huo ndio mzaha wenyewe, wakacheka.

Jumamosi niliomba fulskepu kwa mwalimu nikaandika barua nyingine. Nimewaandikia kwamba watu walilipa kiingilio waone bao, na bao haliwezi kuwepo bila mtu wa kufungwa. Huyo naye alikuwa kazini, na aliumia kazini. Nimewaandikia kwamba darasani nilimtaja punda nikapigiwa makofi, lakini kwetu punda akichoka hatumwombi alete picha akiwa amebeba maji. Tunamwangalia mgongo. Kwa hiyo waje waliangalie goti, lipo, halijafifia, hakuna mtu aliyelichora.

Mjomba alinikuta nalamba bahasha. Akakaa kwenye kigoda, akauweka mguu juu ya jerikeni, akavuta ungo wa ndengu.

"Umeandika nini safari hii?"

"Goti."

Akachambua. Akatoa jiwe, akalishika kwanza kabla ya kulitupa.

"Goti tu?"