Nilitafsiri Mkataba Nisiouelewa, Shemeji Yangu Akaitwa Mharibifu

Hakuna tusi mtakalonitupia ambalo sijajitukana mwenyewe. Mimi ni mjinga niliyejivika koti la usomi. Tena mjinga mwoga!

Kikundi chetu cha wakulima wa ulezi, nje kidogo ya Sumbawanga, kilipata mashine ya kupura kutoka kampuni ya nje. Mashine nzuri, ina kompyuta ndani. Ikaja na mkataba mnene wa Kiingereza. Nani wa kuusoma? Mimi hapa, katibu, niliyekuwa nasahihisha watu matamshi hata misibani. Pumbavu!

Mwanasheria wa halmashauri alitusihi tumpelekee kwanza. "Mikataba ya teknolojia ya nje ina mitego," alisema. "Masharti mengine mnaweza kuyakataa, lakini kabla ya kusaini, siyo baadaye." Nilitoka pale nacheka. Nikawaambia wenzangu huyo anatafuta umuhimu tu.

Siku ya kusaini, mwenyekiti wetu Mama Yustina akaniuliza mbele ya mgeni wa kampuni, "Mwanangu, ikiharibika, fundi wetu anaruhusiwa kuifungua?"

Nikakodolea macho fungu la matengenezo. Maneno ya kisheria! Sikuelewa hata nusu. Mgeni ananitazama, akina mama wananitazama. Nikaona aibu kusema sijui.

"Anaruhusiwa, Mama. Hakuna shida."

Wakasaini.

Mavuno ya kwanza tu, mkanda ukakatika. Fundi wetu alikuwa Deusi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Skola. Akaifungua, akafunga mkanda mwingine alioufuata mjini Namanyere. Mashine ikawaka kidogo, ikajizima, basi. Kampuni ikajibu kwamba tumevunja mkataba kwa kuifungua, kwa hiyo wameifunga kwa mtandao kutoka kwao. Mwenye malalamiko akashtaki kwenye mahakama za nchi yao. Kwao! Mkulima wa Ufipa akafungue kesi ng'ambo!

Nikausoma upya, safari hii na kamusi. Yote yalikuwamo.

Sasa sikieni uchafu wangu. Mkutanoni watu walimrukia Deusi. "Umetuulia mashine! Mharibifu!"

Akanigeukia. "Katibu, si ulisema naruhusiwa?"

Nikajibu bila haya, "Nilisema kuifungua. Sikusema kuiwekea vifaa vya mtaani."

Wakaniamini mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu! Deusi hakupewa kazi tena kijijini, hata ya kuziba pancha. Akahamishia familia Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, anatengeneza injini za boti. Sisi tukarudi kupura kwa fimbo, na mashine kuku wakaifanya kiota.

Mwishowe dhamiri ikanishinda. Nikasimama kikundini nikasema kila kitu, nikingoja matusi. Mama Yustina akauliza tu, "Kumbe hukujua? Sasa kwa nini hukusema, tukamwita anayejua?" Wakachagua katibu mwingine hapohapo, wakaendelea na ajenda ya mbolea. Hata hasira yao sikustahili.

Nikaenda Kirando kuomba radhi. Deusi alinipa mkono, akainamia injini yake. Skola alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Kaka, mume wangu aliitwa mharibifu mbele ya wanawe, na wewe umekaa unasikia. Amekusamehe yeye. Mimi bado. Nenda."

Nikaondoka. 

Ndugu zangu, mkiletewa teknolojia ya wageni, msichekelee rangi ya mashine. Ulizeni nani ataruhusiwa kuitengeneza. Ulizeni mkigombana kesi itasikilizwa nchi gani. Mwanasheria ausome mkataba kabla hamjasaini, siyo mkishalia!

Na wewe mwenzangu mwenye Kiingereza cha kuombea maji, unayejiona taa ya kijiji: kama hujaelewa, sema hujaelewa, hata mbele ya wageni. Hilo likikushinda, funga domo lako!